Maji ya Buluu Chini ya Kyambogo

Siku yangu ya kwanza kazini, mvua ilinitangulia ofisini. Nilipofungua mlango nilioelekezwa nilikuta viti vimepandishwa juu ya meza, na katikati ya chumba amesimama mwanamume mrefu aliyekunja suruali hadi magotini. Maji yalikuwa yakiingia chini ya mlango wa nyuma na kutokea chini ya huu wa mbele nilioushika mimi. Hakuwa na fagio wala ndoo. Alikuwa akiyatazama tu, kama mtu aliyesimama kando ya barabara kutazama msafara wa mkubwa fulani ukipita.

"Karibu, nnyabo," akasema, akiniita bibi kwa Kiganda. "Ingia pole pole, usisumbue maji. Nataka kuona inataka kwenda wapi."

Huyo alikuwa Injinia Lubowa, mkuu wa ofisi ya mifereji ya jiji letu la Kampala, na mimi nilikuwa msichana mwenye cheti kipya cha ufundi wa ujenzi na viatu vya kuazima. Vita vya 1986 vilikuwa vimeisha miaka michache tu nyuma. Madirisha yetu hayakuwa na vioo, na matundu ya risasi kwenye ukuta wa upande wa barabara yalishageuzwa nyumba na nyigu, wakaishi humo kwa amani kuliko sisi.

Nawaandikia ninyi mlionifuata kwenye kazi hii, kwa sababu siku ya kuniaga mliniuliza kwa nini mvua ikianza watu wote hukimbilia ndani nami hukimbilia nje. Vyeo nilivyopanda sitavitaja. Mlivisikia vikisomwa siku ile mpaka soda zikapata moto. Mshahara nao hauna habari za kujaza hata aya moja. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha niliyonyonya. Baba alikuwa polisi kutoka Lango, kaskazini, mama Mwislamu wa Arua, na kambi tuliyokulia ilikuwa na lugha moja tu ya kugombana na kupatana. Nyumbani tulikula Idi na Krismasi, na hakuna aliyeona ajabu.

Nilidhani siku ile ya kwanza nitapewa kalamu. Nilipewa gambuti. Lubowa alinichukua hadi kwenye daraja dogo la bondeni, mvua ikinyesha bado, akaniambia nisimame, nifumbe macho. Kwanza sikusikia chochote ila mvua kwenye mwavuli. Kisha chini ya ile sauti ikaja nyingine, nzito, kama lori linalopanda mlima kwa gia ya kwanza, lakini haikuwa barabarani. Nilipofumbua macho, mfereji uliokuwa na maji ya kufika kifundoni ulikuwa umejaa hadi ukingoni, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yamebeba migomba mizima, ndala, mlango wa banda la kuku. Daraja lilitetemeka chini ya nyayo zangu. Niliogopa, na bado sikutaka kuondoka.

"Kira kirima hapa iko na bonde yake," Lubowa akaniambia kwa sauti kubwa ili nimsikie. Kiswahili chake kilikuwa cha Kampala, l na r zikibadilishana viti kila mara. "Mvua inaanguka juu, watu wa juu wanafunga dirisha, wanarara. Halafu inakuja hapa. Hawa wa hapa harari."

Hiyo ndiyo ilikuwa semina yangu. Mengine niliyajifunza nikimfuata. Alinifundisha kusoma kuta za nyumba: mstari wa tope ni maji ya mwaka huu, mstari uliofifia juu yake ni ya mwaka mwingine. Alinifundisha kuuliza watu wanalaza wapi godoro mvua ikija, maana mtu anaweza kusahau mafuriko yalifika urefu gani, lakini hasahau godoro alilipandisha wapi. Alinifundisha kwamba kiwanja hakianzii kwenye lango. Kinaanzia mahali maji yake yanapotoka. Ukipelekewa ramani ya jengo, tafuta kwanza tundu la kutokea maji, usimame hapo, utazame chini kuna nani. Kisha ndipo upande ukatazame jengo.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Tulikuwa na pimamaji ya fundi mwashi, fimbo ndefu iliyopakwa mistari myeupe na myekundu, na mpira mrefu unaoonyesha ndani, ambao ukiujaza maji na kushika ncha moja huku mwenzako ameshika ya pili ng'ambo ya barabara, maji ya ncha zote mbili yatasimama usawa mmoja bila kudanganya. Nilifanya hivyo mara nyingi sana na sikuwahi kuzoea. Magari yanapita katikati, watu wanauza mahindi, na maji yaliyo kwenye mkono wangu yanajua yalipo maji yaliyo kwenye mkono wa mwenzangu. Baadaye ilikuja darubini ya kupimia. Baadaye tena ikaja kompyuta ya kwanza, ikavalishwa kitambaa kilichofumwa kwa mkono, ikawa inaheshimiwa zaidi ya kutumiwa.

Kiangazi kimoja tuliingia kwenye kalvati ya zamani inayopita chini ya reli, tukaikagua ndani. Nilitegemea uchafu, na uchafu ulikuwepo, hasa kavera, hiyo mifuko ya plastiki ambayo nadhani itabaki hata sisi tukiondoka duniani. Lakini tulipofika katikati kulikuwa na upepo wa baridi na nuru ya kijani kutoka mwisho wa pili. Mizizi ilikuwa imeshuka kutoka kwenye dari kama nywele. Mbayuwayu walikuwa wamejenga viota vya tope kila penye mwanya, na juu yetu, kwa mbali, tulisikia mji: honi, redio, mtu akigonga bati. Nikageuka kumwambia Lubowa kitu, nikakuta amevua kofia, ameishika kifuani.

Miaka ikaenda, na mji ukaanza kujijenga upya juu yake wenyewe. Nyumba za zamani zenye ua wa nyasi mbele na miparachichi nyuma zilikuwa zikibomolewa, na mahali pake yakapanda maduka ya ghorofa, zege kutoka ukuta hadi ukuta. Sikuwa na ugomvi na maghorofa. Watu lazima wakae mahali. Lakini nyasi hunywa mvua na zege haimezi hata tone. Maji yaliyokuwa yakilala kwenye ua wa mtu siku nzima sasa yalifika bondeni kabla mwenye ua hajamaliza kufunga madirisha. Kule Kyebando ninakoishi niliona kijito cha kuruka kwa hatua moja kikigeuka, ndani ya umri wa mtoto wangu wa kwanza, kuwa kitu cha kumeza pikipiki.

Kazi kubwa ya mwisho ya Lubowa kabla ya kustaafu ilikuwa kuingiza sentensi moja kwenye mwongozo wetu wa vibali. Sentensi yenyewe ilisema kwamba anayejenga upya kiwanja mjini ahakikishe maji ya mvua yatakayotoka baada ya kujenga hayazidi yale yaliyokuwa yakitoka kabla. Aliipigania kamati baada ya kamati, na ilipopita alitununulia wote chapati. Tuliiona sentensi fupi na nzuri. Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza hiyo "kabla" ni lini.

Aliyeuliza ni Mama Wanjiru.

Mama Wanjiru alikuwa Mkenya wa Nakuru. Alikuja Kampala akiuza mabeseni na sufuria, akapanda mpaka vifaa vya ujenzi, na kila Jumatano mchana alifunga duka akaenda kanisani, hata mteja awe nani. Alikuwa amenunua kiwanda kidogo cha kutia nyuzi rangi, kilichokufa zamani, kwenye mteremko chini ya kilima cha Kyambogo. Alitaka kukibomoa ajenge maduka chini na vyumba vya kupangisha juu. Alikuja ofisini mwenyewe, amevaa viatu vyeupe, akakaa mbele yangu, na aliposikia Kiswahili changu akafurahi kama mtu aliyekutana na jamaa safarini.

"Dada, nielewe," akasema. "Kile kiwanda ni zege tupu. Juu mabati, chini zege, ukuta kwa ukuta. Kabla yangu hakuna tone lililoingia ardhini. Mimi nikijenga, hakuna tone litaingia. Kabla na baada ni sawasawa. Hiyo sheria yenu nimeitii hata kabla sijaisoma."

Nilitaka kucheka, kisha nikaona hakuna cha kuchekesha. Alikuwa amesoma sentensi yetu kama ilivyoandikwa, na kama ilivyoandikwa alikuwa na haki. Mkubwa wangu wa wakati huo, mtu mwema aliyependa meza safi, aliona hivyo hivyo na kalamu yake ilikuwa tayari mkononi. Nilimwomba aniachie nikatembelee kwanza kiwanja. Kisha nikamgeukia mgeni wetu.

"Mama Wanjiru, umewahi kushuka kule maji yako yanakotokea?"

"Maji yangu?"

"Yanayotoka kiwandani."

"Nikafanye nini huko?"

"Kuangalia tu."

Alikubali, nadhani kwa sababu alitaka kibali na aliona mimi ndiye ninayekishikilia. Tulishuka juma lilelile, mchana, jua likiwaka. Mtaro unaotoka kiwandani ulipita nyuma ya karakana, ukapita chini ya njia ya miguu, ukaishia kukimbia kando ya safu ya vyumba vya mabati bondeni. Chumba cha mwisho kilikuwa cha Hajati Mariam, mjane wa mwanajeshi wa West Nile, aliyekuwa akikaanga sumbusa za kuwauzia wanafunzi wa chuo. Nilimfahamu kwa ukaguzi wa miaka; nikawajulisha wenyewe kwa wenyewe, nikamwambia Hajati mgeni huyu ndiye mwenye kiwanda cha juu sasa.

Mama Wanjiru alitazama chumba. Kitanda kilipandishwa juu ya tofali mpaka kikawa kirefu kama meza. Unga na sukari vilining'inia kwenye boriti. Sigiri ya mkaa ilikaa juu ya meza, na chini palikuwa patupu.

"Mbona kila kitu kiko juu?" akauliza.

"Kwa sababu chini ni kwa mwenye nyumba," Hajati akamjibu.

"Mwenye nyumba nani?"

"Maji. Sisi wapangaji tu." Akaendelea kukunja sumbusa. "Mwaka jana alimchukua jirani yangu, Mama Night. Alikuwa anaokoa kuku. Tulimpata karibu na reli."

Mimi nilikuwa nikitazama nje. Bondeni jua lilikuwa bado, lakini juu ya Kyambogo mbingu ilikuwa imegeuka rangi ya risasi, na upepo ulioteremka ulikuwa baridi. Nilidhani tukiondoka dakika ile tungeweza kufika barabarani. Hajati alijua zaidi yangu, kwamba muda ulishakwisha. Aliinua mjukuu wake, kitoto cha kike kilichoanza tu kutembea, akamkabidhi Mkenya bila kuomba.

"Shika mtoto. Panda kitandani. Viatu baadaye."

Mvua ilikuwa haijatufikia, hilo ndilo lililomshangaza Mama Wanjiru. Alisema baadaye kwamba aliona kama tumerukwa na akili. Alipanda kitandani na mtoto, mimi na Hajati tukapandisha beseni la unga na benchi. Kisha ile sauti ya lori ikaanza. Hajati akafungua mlango wa mbele na wa nyuma, yote miwili, ili maji yasivunje ukuta.

Yalipoingia, yalikuwa ya buluu.

Sijui niwaeleze vipi. Nilishaona maji ya chai, ya tope jekundu, meusi ya mafuta ya gari. Haya yalikuwa buluu ya sare za shule, buluu nzito yenye kung'aa, na yalijaza mtaro wote kutoka ukingo hadi ukingo yakija kwetu kwa kasi, na povu lake lilikuwa buluu, na kando yake kila kitu yalichogusa kilibaki buluu. Yaliingia mlangoni kama kitambaa kinachokunjuliwa. Kitoto kikanyosha kidole, kikacheka.

"Ya Rabi," Hajati akasema.

Kutoka kitandani nikasikia sauti ya Mama Wanjiru, ndogo sana. "Hiyo ni rangi yangu."

Wiki ile vijana wake walikuwa wamevunja sakafu ya ghala la rangi la kile kiwanda. Unga wa zamani ulikuwa umelala katika nyufa miaka yote, na mvua ya kwanza iliyoukuta wazi ikauchukua. Katika vitabu vyetu mtu akitaka kujua maji yanatoka wapi humwaga rangi juu na kungoja chini. Hapa hakuna aliyepanga. Mlima wenyewe ulikuwa umetia sahihi.

Yalipanda hadi magotini, kisha mapajani. Mlango wa nyuma ulitoka kwenye bawaba ukaenda zake. Nilimshika Hajati kiunoni, naye ameshika boriti, na kila mara kitu kizito kilipita kikatugonga miguu. Mama Wanjiru alikuwa amepiga magoti kitandani, mtoto amembana kifuani, mkono mmoja kwenye boriti, macho hayatoki kwenye maji. Hakulia. Alikuwa akimwambia mtoto kwa Kikuyu maneno ambayo sikuyajua, mfululizo, mpaka maji yalipoacha kupanda, yakakaa, na taratibu yakaanza kushuka.

Tulipotoka nje mvua ilikuwa imeshapita. Kwenye kuta zote za bonde, nyumba baada ya nyumba, kulikuwa na mstari wa buluu, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Watu walitoka wakasimama kando ya milango yao wakiutazama, wengine wakaugusa. Mama Wanjiru alimrudisha mtoto kwa bibi yake kwa mikono miwili. Kisha akaanza kupanda, peku, akifuata ule mstari, nami nyuma yake, kupita njia ya miguu, nyuma ya karakana, mpaka langoni kwake. Hapo akasimama na sketi yake iliyokuwa krimu asubuhi ikimdondokea buluu.

"Kwa hiyo kabla ni lini?" akaniuliza.

Sikuwa nimelifikiria jibu, lilitoka lenyewe. "Kabla ya paa la kwanza."

"Na ardhi ilikuwaje wakati huo?"

"Sijui, mama. Itabidi tuiulize."

Kwanza alisimamisha kazi mpaka rangi yote iliyobaki ikakwanguliwa, ikatiwa kwenye mapipa na kuondolewa. Kisha, kwa idhini yake, tulichagua kona ya chini kabisa ya kiwanja, tukavunja zege tupime udongo unanyonya maji kwa kasi gani. Hicho ni kipimo cha kawaida: unachimba shimo, unajaza maji, unatazama yanavyopungua. Chini ya zege palikuwa na kifusi, chini ya kifusi udongo mweusi mzito wenye harufu ya mto. Vijana wakachimba kidogo tena, mmoja akaruka nje ya shimo kama aliyeona nyoka.

Shimo lilikuwa linajaa kabla hatujatia maji.

Tulidhani ni bomba limepasuka. Tukafunga maji ya mtaa mzima, watu wakatulaani, shimo likaendelea. Maji yalikuwa baridi, safi kiasi cha kuona kokoto chini, na mahali pamoja mchanga ulikuwa ukicheza, ukiinuka na kuanguka, ukiinuka na kuanguka. Ilikuwa chemchemi. Mtu fulani zamani aliimwagia zege, akajenga juu yake, mashine zikanguruma, watu wakaajiriwa na kufukuzwa, vita vikapita, na muda wote huo yenyewe iliendelea chini ya sakafu gizani kufanya kazi yake.

Nilimpigia Lubowa simu. Alikuwa mzee sasa, magoti mabovu, akiishi na binti yake. Aliletwa kwa teksi, akatembea kwa fimbo hadi kwenye shimo, akaomba tofali la kukalia. Akaketi. Kisha akainama akaingiza mkono ndani hadi kwenye kiwiko, shati na yote.

"Miaka yote mimi napita juu yake," akasema. "Sikusikia kitu."

"Hata wewe, Injinia?" nikamtania.

"Hata mimi." Hakutabasamu. Macho yake yalikuwa yamejaa. "Nnyabo, hii kirima inatuzidi. Inatuzidi sana."

Mama Wanjiru alisimama upande wa pili wa shimo. Mchora ramani wake alishamshauri kuziba kwa mawe na zege nzito zaidi. Alimtazama yule mzee na mkono wake majini, akaniuliza mimi, "Ukiwa wewe ungefanya nini?"

Nilimwambia. Ramani ikachorwa upya. Kona ile ya chini haikujengwa. Ikawa uwanja wa nyasi ulioshuka kama sahani, mkavu siku zote, watoto wachezee, na mvua kubwa ikija ujaze maji na uyaachie nje kwa bomba jembamba tu. Chemchemi ikapewa mfereji wake wa mawe. Maegesho yakawekwa tofali zenye nafasi katikati ili ardhi inywe, na shimo la kunasa mafuta kabla maji hayajatoka. Maji ya paa yakapelekwa kwenye matangi. Mama Wanjiru alipoteza safu nzima ya maduka, na hakuacha kunikumbusha.

"Nimewajengea vyura hoteli," alikuwa akisema kila nikienda ukaguzi. Na kweli walikuja, sijui kutoka wapi. Majuma machache baada ya zege kuondolewa, pembeni ya maji yaliota matete ambayo hakuna aliyeyapanda. Mbegu zilikuwa zimelala chini ya kiwanda muda wote ule. Nilichuchumaa nikazitazama zile ncha za kijani, nikasahau kwamba nilikuja na fomu ya kujaza.

Sentensi ya Lubowa nayo tuliipeleka tena kwenye kamati, tukitaka iongezwe maana: "kabla" iwe hali ya ardhi kabla ya jengo la kwanza, na si zege ya jana. Wajenzi wengine walipinga kwa nguvu, na hoja zao hazikuwa za kipuuzi. Nilikuwa nimeandaa michoro. Kabla sijasimama, Mama Wanjiru, ambaye hakuwa kwenye orodha ya wasemaji, alisimama.

"Mimi ndiye nimepoteza maduka," akasema. "Nilishika mtoto wa watu kwenye maji niliyoyatuma mimi bila kujua. Andikeni hiyo kabla vizuri, ili mwingine asiseme hakujua."

Iliandikwa. Lubowa alisomewa akiwa kitandani, akauliza tu kama vyura bado wapo. Tulimzika kijijini kwao siku ya manyunyu, na sisi wa ofisi ya mifereji tulikuwa peke yetu tusiofungua miavuli.

Mwaka wangu wa mwisho kazini jengo lilikuwa limejaa wapangaji. Alasiri moja nilikuwa kwenye baraza la Mama Wanjiru tukinywa chai, na mvua ikaanza, aina ile inayozima mazungumzo. Tulikaa tukiangalia uwanja wa chini. Maji yalikuja kutoka kila upande wa kiwanja yakaingia kwenye nyasi bila kelele, yakafunika magoli ya watoto, yakapanda, yakatandaa, mpaka palipokuwa nyasi pakawa ziwa lenye matone yakiruka juu yake. Mama Wanjiru aliweka kikombe chini.

"Twende," akasema.

Tulikimbia mteremko mzima na miavuli isiyofaa kitu, wanawake wawili wazima, mpaka kwa Hajati. Tulimkuta amesimama mlangoni, milango yote miwili wazi, vitu vyake vyote juu. Mjukuu wake, msichana wa shule sasa, alikuwa amepandishwa kitandani na hakupendezwa.

"Jajja, mimi ni mkubwa!" akamlalamikia bibi yake.

"Kaa hapo."

Mtaro ulikuwa umejaa. Maji yake yalipita mbele yetu kwa kasi, yakajaa mpaka chini kidogo ya ukingo, na hapo yakabaki. Tulingoja. Hajati alikuwa ameshika boriti kwa mkono mmoja, macho kwenye ile kona yalikozoea kutokea. Mvua ikapungua. Ikawa manyunyu. Ikakata, na tone la mwisho likasikika likianguka kutoka kwenye bati, na kizingiti cha mlango kilikuwa kikavu.

Hajati alitugeukia. Uso wake haukuwa na furaha bado. Ulikuwa wa mtu anayeshuku.

"Yako wapi?" akauliza.

"Yako kwangu, Hajati," Mama Wanjiru akamjibu, bado anahema. "Yamekaa. Yatakuja pole pole."

Yalikuja kweli. Jua lilitoka, barabara za juu zikakauka, mji ukasahau kwamba ilinyesha, na mvua ile ile ikaendelea kushuka kwenye mtaro mbele yetu, kidogo kidogo, kima cha kifundo cha mguu. Msichana alishuka kitandani akaenda kukaa ukingoni, akaingiza miguu. Hajati alituletea benchi. Tulikaa hapo watatu, tukiyatazama yakipita, mpaka adhana ya magharibi, na yalikuwa bado yanapita.